Ubia sio kila kushirikiana

Juzi nimekaa kwenye kikao cha mtaa, afisa mmoja kasimama anatuelezea mpango wa kuvunja nyumba za zamani na kupandisha maghorofa, na kila sentensi ni ubia, ubia na mkandarasi, ubia na benki, ubia na wananchi, mpaka mama mmoja jirani yangu akanyoosha mkono akauliza, "Mwanangu, mimi nimeweka nini humo hadi nikawa mbia?" Hakujibiwa. Swali lake ndo limenifanya niandike hapa.

Ubia ni pale watu au taasisi mbili na zaidi wanaweka mali zao kwenye shughuli moja, faida wanagawana na hasara wanaibeba wote. Basi, ni hivyo tu.

Ila neno lenyewe limebeba zaidi ya hapo. Asili yake ni bia, na sio ile ya chupa, ile ni neno la kuja kutoka Ulaya. Bia ya Kiswahili cha zamani ni kuchangia kitu kikawa cha wote, wazee walikuwa wanasema kula bia, yaani chakula ambacho huyu kaleta mchele, yule kaleta samaki, mwingine nazi, kikiiva wote wana haki kwenye sinia na kikiungua wote wanalala njaa. Toka hapo ndo tunapata mbia, wabia, ubia. Kwa hiyo kabla hujamuita mtu mbia angalia kwanza kaleta nini jikoni na chakula kikiungua yeye inakuwaje.

Ushirikiano ni kitu kingine, unatokana na kushiriki, na unaweza kushirikiana na mtu kwa ushauri tu, kwa vikao, kwa barua ya makubaliano, bila kutoa hata shilingi. Hakuna ubaya. Lakini ukiuita ubia umeshawaambia watu kuna mtaji umewekwa na kuna mgao unakuja.

Chukua Shirika la Nyumba la Taifa la Tanzania, NHC. Shirika lina viwanja sehemu nzuri, Kariakoo kwa mfano, vyenye nyumba za zamani zilizochoka, na hela ya kujenga vyote kwa mpigo hakuna. Mfanyabiashara ana hela, kiwanja hana. Shirika linaweka ardhi, yeye anaweka fedha, jengo likisimama wanagawana kwa mujibu wa mkataba, na pale palipokuwa na nyumba ya chini sasa kuna fremu za maduka, stoo na makazi juu, mzunguko wa hela wa mtaa mzima unabadilika. Huo ni ubia kweli, ndo maana sera yao iliyofanyiwa marekebisho na kuzinduliwa upya 2022 inaitwa Sera ya Ubia. Hata sheria ya 2010 ya ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi ilichagua neno vizuri.

Sasa mkandarasi anayelipwa kwa kazi sio mbia, yeye kauza kazi. Benki iliyokopesha sio mbia, riba yake inaitaka fremu zipate wapangaji au zisipate. Na mpangaji anayehamishwa kupisha ujenzi ndo kabisa sio mbia, labda mkataba umpe hisa au nyumba, na hapa naumia sana kwa sababu ukimwambia mama yule ni mbia ataenda nyumbani akisubiri mgao ambao haupo kwenye karatasi yoyote.

Kuna na hili la "ubia wa kikanda", linatumika kwa kila mkutano wenye bendera nyingi. Shelter Afrique ya Nairobi, iliyoanzishwa 1982 kusaidia fedha za nyumba Afrika, hiyo unaweza kuiita ubia bila wasiwasi, maana serikali za nchi wanachama zimenunua hisa pamoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika, na shirika likielemewa na madeni ni mtaji wa wanahisa unaotikisika. Lakini Jumuiya ya Kaunti za Pwani kule Kenya, Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, ile ni jumuiya, kaunti sita zinapanga mambo ya uchumi kwa pamoja, kazi muhimu sana, na neno ushirikiano linaitosha vizuri. Siku zikiweka ardhi na fedha kwenye mradi mmoja wa nyumba na kukubaliana mgao, hapo tutasema ubia.

Na mwisho Magomeni Kota ya Dar es Salaam, maana kwenye kikao kile nayo ilitajwa kama mfano wa ubia. Hapana jamani. Zile nyumba za kaya 644 zilizozinduliwa Machi 2022 zilijengwa na serikali kupitia Wakala wa Majengo, TBA, kwa hela ya serikali. Ni mradi mzuri na wakazi wa zamani walirudi, ila pale hakuna mtu binafsi aliyeweka mtaji akasubiri faida. Ukiuzungumzia sema mradi wa serikali, inatosha, na mtu wa kawaida atakuelewa haraka zaidi.