Ripoti ya kichwa ikitaja sainasi

Mtu amepigwa picha ya kichwa kwa ajili ya kipandauso au baada ya kuanguka. Ubongo hauna tatizo, ila mwishoni ripoti inasema utando wa sainasi ya shavu la kulia umenenepa kidogo. Wengi huanzishiwa antibaiotiki kwa sentensi hiyo tu, na wengi hawakuzihitaji.

Sainasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, jozi nne: mashavuni, kwenye paji, katikati ya macho, na nyuma kabisa chini ya ubongo. Ndani vina utando unaotoa ute. Ukiwa mwembamba hauonekani kwenye picha. Ukivimba milimita chache, unaonekana, hasa kwenye MRI (picha ya sumaku). Mafua tu yanatosha kuuvimbisha. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga CT (picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka) watu wazima 31 wenye mafua mapya: 87% walikutwa na kasoro kwenye sainasi za mashavu. Walipopima upya baadhi yao wiki mbili hivi baadaye, picha za wengi zilikuwa safi au zimepungua kasoro, na hakuna aliyepewa antibaiotiki. Basi jiulize kwanza: siku ile ya kipimo, pua ilikuwaje?

Neno jingine linalotisha bure ni "uvimbe maji". Huwa ni kituta laini cha mviringo sakafuni mwa sainasi ya shavu, tezi ya ute iliyoziba. Kama hauna dalili, huachwa ulivyo.

Ili daktari aseme una sainasi sugu, yaani uvimbe wa muda mrefu wa utando huo, picha peke yake haitoshi. Lazima uwe na pua iliyoziba au makamasi mazito, pamoja na dalili kama uso kuuma au kushindwa kunusa, kwa wiki 12 au zaidi.

Kinachotufanya sisi madaktari tusimame ni kasoro ya upande mmoja. Mafua na mzio kwa kawaida hugusa pande zote mbili. Sainasi moja ikijaa na ya upande wa pili iko safi, anza na meno: mizizi ya magego ya juu iko jirani kabisa na sakafu ya sainasi ya shavu, na jino lililooza mzizini huingiza usaha humo bila hata kuuma. Dalili yake ni harufu mbaya puani, upande huohuo. Chembe ngumu kama chokaa katikati ya sainasi iliyojaa hutushawishi kufikiria bonge la fangasi. Mfupa ukiwa umeliwa, tunahofia saratani, na hapo usisubiri: muone daktari wa pua, koo na masikio. Sainasi ya nyuma nayo haipuuzwi, kwa kuwa imepakana na mshipa wa fahamu wa jicho.

Kwa aliyeumia kichwa, majimaji ndani ya sainasi huenda ni damu, hivyo hutafutwa mfupa uliovunjika.

Jicho likivimba, ukiona vitu viwili viwili, au homa ikija na shingo ngumu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukienda kliniki, beba CD ya picha zenyewe, si karatasi ya majibu pekee. CT ya kichwa mara nyingi huikata sainasi ya shavu katikati na kuyaacha meno nje, kwa hiyo daktari anaweza kuagiza CT ya sainasi.