Kumlaki Bibi Harusi: Shairi la Safed na Siri za Kabbalah

Ijumaa jua likizama, Wayahudi katika masinagogi mengi duniani huimba shairi moja, na wakifika ubeti wa mwisho hugeuka kuelekea mlangoni. Anayelakiwa ni Sabato, na shairi linamwita bibi harusi. Siku yao huanza magharibi, kama pwani yetu ambako usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi.

Shairi hilo ni Lekha Dodi, yaani "Njoo, mpendwa wangu". Lilitungwa karne ya 16 na Rabi Shlomo Halevi Alkabetz huko Safed, mji wa milimani Galilaya. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Hispania mwaka 1492, na wanazuoni wengi wa Safed walitoka katika jamii zilizotawanywa na msiba huo.

Mpenzi wa mashairi yetu atalitambua umbo lake upesi. Lina beti tisa na kibwagizo: "Njoo, mpendwa wangu, tumlaki bibi harusi, uso wa Sabato tuupokee." Herufi za mwanzo za beti nane za kwanza zinaunda jina Shlomo Halevi. Washairi wetu hujitaja kwenye tamati. Yeye amejifuma katika shairi karibu lote.

Lakini bibi harusi huyu ana siri. Katika Kabbalah, elimu ya fumbo ya Kiyahudi, Mungu asiye na mwisho hujidhihirisha kwa sefirot kumi, yaani sifa au nguvu zake kumi. Ya kumi, Malkhut, ndiyo Shekhina, uwepo wake unaokaa na watu. Marabi wa kale walifundisha kwamba Israeli walipokwenda uhamishoni, Shekhina alikwenda nao. Kwa wanafumbo wa Safed, basi, uhamisho ulikuwa utengano ndani ya uungu wenyewe, na Sabato ndiyo saa ya wapendanao, Mungu na Shekhina, kukutana tena. Ndiyo maana Isaac Luria, mwalimu wa Kabbalah aliyefariki Safed mwaka 1572, alitoka na wanafunzi wake hadi mashambani kumpokea bibi harusi huyo. Hawakuona kuimba kuwa ukumbusho tu. Waliamini sala ya mwanadamu husaidia kuunganisha kilichotengana.

Linalonigusa zaidi ni kwamba beti sita za katikati karibu zinaisahau Sabato. Zinazungumza na Yerusalemu kwa maneno ya nabii Isaya: jikung'ute mavumbi, uondoke. Alkabetz ameweka kilio cha waliopoteza makwao katikati ya wimbo wa harusi, wala hakuona haja ya kuomba radhi.

Na desturi imelifuata shairi. Katika jamii nyingi za Ashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, mfiwa aliye katika siku saba za matanga husubiri nje wakati Lekha Dodi inaimbwa. Ubeti wa mwisho ukiisha, mlango uleule uliotazamiwa bibi harusi unamwingiza yeye, na watu wanamwambia: Mungu akufariji pamoja na wafiwa wengine wa Sayuni na Yerusalemu.