Kengele ya Bandarini Ikilia: Jinsi Cheche ya Mwanga Inavyosomwa

Lori lenye kontena la vigae linapita polepole kati ya nguzo mbili za kupimia mionzi bandarini Kilindini. Kengele inalia. Utingo anaruka chini na kusimama mbali, akidhani kifaa ndicho kinachommulika. La hasha. Skana ya eksirei hutoa miale, lakini nguzo hizi hupokea tu.

Mionzi yenyewe ipo kila mahali. Vigae vina potasiamu, urani na thoriamu ya asili. Mbolea ya potashi nayo ina potasiamu, na Kilima cha Mrima kule Kwale kinajulikana kwa thoriamu yake. Kwa hiyo tunachotafuta ni asili ya mionzi hiyo. Nguzo zenye mabamba ya plastiki huhesabu vizuri, ila kutambua kitu haziwezi sana. Ndipo ofisa husogea na kifaa cha mkononi chenye fuwele ya sodiamu ayodaidi.

Mwale wa gama, yaani mionzi yenye nguvu inayotoka kwenye kiini cha atomu, ukiipiga fuwele, fuwele hutoa cheche ya mwanga. Mwale wa seziamu-137, kitu cha mionzi kinachotengenezwa na binadamu, una nishati ya kiloelektronivolti 662 (kipimo cha nishati ya miale), nao huzaa fotoni, yaani chembe za mwanga, kama 25,000 ukimezwa wote. Ni mwanga hafifu mno, nao hufifia ndani ya takriban robo ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Nyuma ya fuwele upo mrija wa kioo usio na hewa. Utando wake wa mbele hugeuza takriban robo ya fotoni zinazoufikia kuwa elektroni, na elektroni hizo huvutwa na umeme wa karibu voliti 1,000 kutoka bamba moja hadi jingine.

Hapo mambo huenda kama umbeya wa barazani. Mmoja akiwaambia wanne, na kila mmoja wao akawaambia wengine wanne, baada ya duru 10 habari imefika kwa watu 1,048,576. Mrija wa mabamba 10 hufanya vivyo hivyo kwa kila elektroni: kila bamba huzizidisha elektroni mara nne hivi.

Mwishoni hutoka mpigo wa umeme. Saketi hukusanya chaji yake yote, huunyoosha mpigo upimike, kisha hupima kimo chake, kwa kuwa kimo hufuata nishati iliyoachwa ndani ya fuwele. Mipigo midogo mno hutupwa, maana joto peke yake hung'oa elektroni kwenye utando. Inayobaki hupangwa kwa kimo, kila mmoja kwenye chaneli yake, yaani kisanduku cha vimo vinavyokaribiana, hadi vilele vichomoze kwenye skrini mahali panapoonyesha nishati ya kila mwale.

Sisi wa Mombasa joto la Machi hutusumbua kwelikweli. Fuwele ikipata joto mwanga wake hupungua, na vilele huteleza kuelekea chini. Stima nayo isipotulia ni balaa: voliti zikibadilika kwa asilimia 1 tu, mpigo hubadilika kwa asilimia 7 hivi. Kwa bahati nzuri potasiamu ya kwenye saruji na udongo hutuachia alama ya bure kwenye kiloelektronivolti 1,460. Kila asubuhi tunaangalia kama kilele hicho kiko mahali pake, na kikihama tunarekebisha kabla ya kupima chochote.

Kwa lori letu, skrini inaonyesha 1,460, na kando yake 2,614 ya ukoo wa thoriamu. Hakuna kilele kwenye 662, mahali pa seziamu; ni mionzi ya asili ya vigae tu. Utingo anaitwa apande, lori liondoke.