Kodingi na bilingi ya hospitali ni kazi gani hasa

Ukimwambia mtu hapa Mombasa kwamba wewe wafanya kodingi ya hospitali, mmoja atadhani unaandika programu za kompyuta na mwengine atadhani wewe ndo yule wa dirishani anayepokea pesa na kukata risiti. Zote si zenyewe. Yule wa dirishani ni keshia, kazi yake nzito na matusi ndo anayoyapokea yeye, lakini ni kazi nyengine. Kodingi ni kusoma faili la mgonjwa, alichoandika daktari, alichoandika nesi, majibu ya maabara, karatasi ya theta kama alipasuliwa, alafu kukigeuza kile chote kiwe namba ambazo mtu aliyeko Nairobi kwenye ofisi ya bima, ambaye hajamuona mgonjwa wala hatamuona, akizisoma anajua huyu aliugua nini na akafanyiwa nini. Bilingi ndo hatua inayofuata, kuzichukua zile namba pamoja na bei, kuzipeleka kwa mwenye kulipa, iwe ni SHA, yaani bima ya afya ya serikali, ama kampuni ya bima ama mwajiri, na kuzifukuzia mpaka pesa iingie benki. Hospitali kubwa hizi kazi ziko na watu tofauti na ofisi tofauti. Kliniki za Kisauni ama Likoni utakuta ni mtu mmoja anafanya yote mawili na simu apokee yeye.

Namba zenyewe hazitungwi na hospitali. Ziko kwenye orodha ya dunia nzima inaitwa ICD, na hii ilianza kama orodha ya sababu za vifo tu, iliandaliwa na Mfaransa Jacques Bertillon na ikapelekwa kwenye mkutano wa wataalamu wa takwimu kule Chicago mwaka 1893. WHO, shirika la afya duniani, wakaichukua 1948 na magonjwa yakaingizwa, si vifo peke yake. ICD-10 ilipitishwa 1990, na ICD-11 ilianza rasmi Januari 2022 lakini kwenye fomu nyingi za bima bado utakuta ICD-10 ndo inatajwa, kwa hivo ndo nitakayotumia hapa. Ni herufi moja na tarakimu: presha ni I10, sukari ya aina ya pili ni E11, malaria iko B50 mpaka B54, kuzaa kawaida O80, kuzaa kwa upasuaji O82.

Sasa watu husema, ah, basi si ni kuangalia kwenye orodha tu, hapo kuna kazi gani? Hebu chukua kijana wa bodaboda ameanguka, kaletwa kasualti mkono umevimba. Kwenye faili utakuta mstari mmoja: RTA, # distal radius Rt, POP, TCA 2/52. Ukiufungua huo mstari unasema ajali ya barabarani, mfupa wa mkono wa kulia umevunjika karibu na kiganja, amewekwa plasta, arudi baada ya wiki mbili. Kuvunjika kwenyewe ni S52.5, hapo hakuna tabu. Tabu inaanza kwenye namba ya pili, ile ya kueleza aliumia vipi, kwa sababu akiteleza mwenyewe kwenye mchanga ni V28, akigongana na tuktuk ni V22, akigongwa na gari ndogo ama pikapu ni V23, na daktari ameandika RTA basi, kamaliza, ameenda kwa mgonjwa mwengine.

Utasema yahusu nini aligongwa na nini, mkono si umevunjika? Yahusu sana kwa sababu ndo inayoamua nani alipe. Akigongwa na gari, bima ya huyo mwenye gari inaweza kuingia. Na lau yule kijana ni muajiriwa alikuwa amepeleka mzigo wa kampuni, hiyo ni ajali ya kazini na iko chini ya WIBA, sheria ya fidia ya wanaoumia kazini, ya 2007, mwajiri ndo anatakikana kubeba. Bima ya afya ikiona hivo inarudisha klemu, yaani yale madai ya malipo, na ina haki. Bandarini haya mambo ni ya kila siku, mtu ameangukiwa na mzigo yuwaletwa na kadi ya bima ya familia, na hakuna aliyeandika popote kwamba alikuwa kazini. Ziko namba mpaka za mambo yetu kabisa, mgema akianguka kutoka juu ya mnazi ni W14, kuanguka kutoka kwenye mti, sijui WHO kule Geneva wanawajua wagema lakini namba ipo.

Na hapa ndo penye moyo wa hii kazi, na ndo watu wa nje hawapaelewi. Koda, yaani mfanya kodingi, hatii namba kile anachokijua, yuwatia namba kilichoandikwa. Hata kama ulikuwa ndani ya matatu ukaiona ile ajali kwa macho yako, tuktuk ikamvaa kijana wa watu, ukifika ofisini na faili linasema RTA peke yake, huna ruhusa ya kuweka V22. Unamrudia daktari, kwa heshima, daktari samahani hili faili lataka uongeze alivyoumia, naye yuko na foleni ya watu arubaini yuwakuangalia kama umemtukana. Nusu ya kazi ni hiyo, kumfukuzia daktari kwenye kordo. Kijana akija kuniuliza kama hii kazi inamfaa simuulizi hesabu aliisoma vipi, namuuliza kama anaweza kurudishwa mara mbili na mtu mkubwa na akaenda mara ya tatu bila kununa.

Homa nayo. Pwani mtu akiwa na homa kila mtu husema malaria, na zamani hata daktari alikuwa anaandika malaria kabla mgonjwa hajakaa. Lakini B54 ni malaria isiyojulikana ni ya aina gani, B50.9 ni ile ya mdudu aitwaye falciparum isiyo na matatizo mengine yaliyotajwa, B50.0 ni imepanda kichwani. Hizo ni hali tatu, matibabu tofauti, gharama tofauti kabisa. Sasa faili liseme malaria, dawa za malaria zimetoka, alafu karatasi ya maabara iseme hakuna wadudu, yule mkaguzi wa bima akiziweka pamoja swali la kwanza ni mbona mmetibu kitu ambacho hakipo. Na Mombasa kuna dengi, homa nyengine ya mbu, iliwahi kutusumbua 2013, ikarudi 2017, ikarudi tena 2021, na dengi ina namba yake. Ukizoea kubandika B54 kwa kila aliyekuja na joto, siku dengi imeingia mji mzima utakuwa na rekodi zinazosema malaria imepanda. Kaunti na wizara wanapanga kupiga dawa za mbu na kununua vipimo kwa kuangalia zile ripoti za mwezi, MOH 705A ya watoto wa chini ya miaka mitano na 705B ya wakubwa, na ripoti hizo zatoka kwenye faili hizo hizo. Kwa hivo si mambo ya pesa peke yake.

Haya, bilingi. Hapa nitakwenda haraka kidogo kwa sababu mengi ni ya kufuatilia tu: mgonjwa akifika unahakikisha kadi iko hai na limiti haijaisha, kama ni upasuaji wa kupangwa unaomba idhini ya bima kabla, akitoka unafunga invoisi na kuambatisha karatasi zote, unatuma, alafu unangoja. Zinarudi zimelipwa, ama zimelipwa nusu, ama zimekataliwa. Zilizokataliwa zina muda wake wa kurekebisha, ukilala muda ukapita hiyo pesa hospitali imeipoteza hata kama mgonjwa alitibiwa vizuri na kila kitu ni halali.

Sababu kubwa ya kukataliwa ni namba na invoisi kutosemezana. Mama amejifungua kwa upasuaji. Kwa SHA, ambayo ndo ilichukua nafasi ya NHIF, ile bima ya serikali ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, kuzaa kawaida kunalipwa shilingi 10,000 na upasuaji 30,000. Koda amechoka, ni jioni, kwenye ukurasa wa kwanza wa faili nesi aliandika mama anatarajiwa kuzaa kawaida, kaweka O80 kafunga. Ukurasa wa nne ndo kuna karatasi ya theta, mtoto alichoka saa sita usiku wakampasua. Invoisi ina theta, ina daktari wa usingizi, ina nyuzi, na namba inasema alizaa kawaida. Anayesoma kule ataona moja kati ya mawili, ama mmekosea ama mwaiba, na hana njia ya kujua ni lipi.

Na wizi upo, tusijifiche. Kupandisha namba ili ilipwe zaidi, kumuandikia mtu alilala siku tatu na alilala moja, kulipisha vipimo ambavyo havikufanywa. Anayeulizwa mwisho ni aliyebonyeza kile kitufe, kwa sababu mfumo unaandika jina lake na saa. Bosi aliyekwambia kwa mdomo ongeza kidogo hapo hajaandika chochote. Akikwambia tena mwambie akutumie kwa maandishi, utaona vile atakavyonyamaza.

Kwa upande wa mgonjwa, yule bibi aliyekaa kwenye benchi na buibui lake anakuja dirishani, "Mwanangu, mbona bima imekataa na mwanangu yuwakatwa kila mwezi?" Na ni kweli yuwakatwa, asilimia 2.75 ya mshahara wote. Kumjibu "mfumo umekataa bi mkubwa" si jibu. Jibu linajulikana, liko kwenye skrini: huduma haimo kwenye mpango wake, ama limiti imeisha, ama hospitali haina mkataba na bima hiyo, ama namba iliyowekwa haifanani na huduma. Hiyo ya mwisho si kosa lake na yaweza kurekebishwa siku hiyo hiyo, aketi angoje. Ukiwa wewe ndo mgonjwa uliza ni ipi kati ya hizo, na uitishe invoisi iliyoandikwa kitu kimoja kimoja, ni yako.

Siri sasa, na hili kwa mji wetu lina uzito wake. Namba B20 mpaka B24 ni za ukimwi, Z21 ni mtu mwenye virusi asiye na dalili. Koda akizifungua anazielewa kama anavyosoma jina lake, na lile faili laweza kuwa la jirani, la mwalimu wake wa madrasa, la mkwe mtarajiwa wa dadake. Mombasa kila mtu ni jamaa ya mtu. Sheria ya kulinda data ya 2019 inaziweka habari za afya kwenye kundi nyeti kabisa, lakini mimi nasema hata sheria isingekuwepo, mtu asiyeweza kukaa na neno kifuani asiingie kwenye hii kazi, aende akauze simu.

Kuingia ni vipi? Njia ya kawaida hapa nyumbani ni diploma ya rekodi za afya, KMTC, chuo cha serikali cha kazi za afya, wanaifundisha, na fani ina sheria yake na bodi yake tangu 2016. Wengine wanaingilia kwenye bima, wanaanza kukagua klemu kisha wanahamia hospitali, na hao huwa wazuri mno kwa sababu wanajua kule upande wa pili wanatafuta nini.

Alafu kuna hii ya kufanyia Marekani ukiwa nyumbani, ambayo ndo inauliziwa sana na ndo yenye matapeli. Kazi ni ya kweli, lakini ni nyengine karibu yote. Wao wanatumia ICD-10-CM tangu 1 Oktoba 2015, ina namba kama 70,000 ambapo ile ya WHO ni kama 14,000, na juu yake kuna CPT ya chama cha madaktari wa Marekani, namba za tarakimu tano za kueleza daktari alifanya nini. Sheria zao ni zao: kwa mgonjwa asiyelazwa, daktari akiandika "labda nimonia", koda wa Marekani haruhusiwi kuweka nimonia, anaweka kikohozi ama homa, ile dalili. Cheti wanachokiulizia sana ni CPC cha AAPC, chama cha makoda cha Marekani, maswali 100 kwa saa nne, na unaingia na vitabu vyako. Ukipita bila uzoefu unapewa CPC-A, yaani bado ni mwanafunzi wa kazi, na waajiri wengi wanaikwepa hiyo A. Kwa hivo yule anayekuuzia kozi ya wiki mbili kwenye WhatsApp na kukuahidi dola mwezi ujao, muulize wanafunzi wake wameitoa vipi hiyo A.

Saa nazo uziangalie, sisi tuko mbele ya New York saa saba ama nane kulingana na msimu, saa zao za ofisi zinakuanzia wewe jioni. Na vitabu usinunue vya mtu aliyemaliza mwaka juzi hata akikupunguzia, CPT hubadilishwa kila 1 Januari na ICD-10-CM kila 1 Oktoba, na mtihani huendana na toleo jipya.