Voie verte na véloroute: njia ni njia, ruti ni ruti

Kiangazi cha Ulaya kikikaribia, wanaopanga kuizuru Ufaransa kwa baiskeli huambiana sentensi ileile: "Loire à Vélo ni njia isiyo na magari, takribani kilomita 900 kandokando ya mto." Kilomita ni sahihi na mto, Loire wenyewe, upo. Hilo la magari ndilo linalopotosha, na anayeliamini akamtanguliza mtoto wa miaka 6 juu ya baiskeli yake mwenyewe atakuja kukutana na lori la nafaka kwenye kona ya kijiji.

Maana kwanza, kwa kifupi. Voie verte ni barabara iliyotengwa kisheria kwa vyombo visivyo na injini, waenda kwa miguu na wapanda farasi. Iliingizwa katika sheria za barabarani za Ufaransa kwa amri ya serikali ya tarehe 16 Septemba 2004. Véloroute ni safari ya baiskeli ya masafa ya kati au marefu iliyopangwa na kuwekewa vibao, nayo hupita popote panapofaa: juu ya voie verte, kwenye tuta la kuzuia mafuriko, katikati ya kijiji, au kwenye barabara nyembamba za mashambani zenye magari machache. Machache, lakini yapo.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunachanganya kwa sababu neno letu njia ni pana mno. Ni neno kongwe la Kibantu. Wagikuyu wana njĩra, Wanyarwanda inzira, wasemaji wa Kilingala nzela, na Mvita utalisikia kama ndia. Kote huko linabeba mambo mawili: ardhi unayoikanyaga, na mwelekeo unaoufuata mpaka ufike. "Njia imejaa matope" na "njia ya kwenda Tabora" ni neno moja lenye kazi mbili. Ukitafsiri voie verte kuwa njia ya baiskeli, na véloroute pia ukaiita njia ya baiskeli, hujakosea sarufi, ila umefuta tofauti yote.

Wafaransa wenyewe hawakurahisisha. Voie limetoka kwenye Kilatini via, yaani njia. Route limetoka kwenye rupta, "iliyovunjwa", kipande kilichosalia cha msemo via rupta: njia iliyopasuliwa kwa nguvu, msituni au kwenye mwamba. Maneno haya mawili yalikuwa yamekaa ubavu kwa ubavu ndani ya msemo mmoja kabla hayajaachana. Na kwa Kifaransa cha leo route ni barabara yenyewe, ya lami na magari, wakati Waingereza walilichukua likawa mpangilio wa safari. Maana hiyo ya Kiingereza ndiyo tuliyoipokea sisi: ruti.

Na hapo ndipo tuna neno bora kuliko tunavyodhani. Abiria yeyote wa daladala au matatu anajua ruti ni nini. Ruti ya gari haina lami yake. Inakanyaga lami hapa, changarawe pale, inakatiza sokoni, inageukia stendi. Hakuna anayesema ruti ina mashimo, husema barabara ina mashimo. Véloroute ni ruti kwa maana hiyohiyo, na Loire à Vélo ni ruti, tena sehemu ya ruti kubwa zaidi, EuroVelo 6, inayotoka Bahari ya Atlantiki hadi Bahari Nyeusi. Kusema EuroVelo 6 haina magari ni kama kusema ruti ya kwenda Kariakoo haina vumbi.

Hata "verte", kijani, huwapeleka watu pabaya, wakadhani ni habari ya miti. Miti mara nyingi ipo, lakini sikiliza jina la reli kwa Kifaransa: voie ferrée, njia ya chuma. Mataruma yakang'olewa, chuma kikauzwa, tuta likabaki, na njia ya chuma ikawa njia ya kijani. Mfano mashuhuri ni kipande cha Givry hadi Cluny huko Burgundy, kilomita 44, kilichofunguliwa mwaka 1997 juu ya reli iliyokufa. Upande wa kusini kinafuata bonde la mto Grosne, kikipita Cormatin na Taizé, kijiji ambacho waumini wengi wa Nairobi na Kigali wanakijua kwa nyimbo zake. Treni haikuweza kupanda mlima mkali, kwa hiyo mwinuko wa tuta kama hilo ni nadra kuzidi asilimia 3. Mwenye mizigo kilo 15 kwenye keria anakwenda bila kushuka. Ukiendelea kusini ya Cluny kuna handaki la Bois Clair, kilomita 1.6, lenye baridi hata mwezi Julai. Majira ya baridi hufungwa kwa ajili ya popo, na hapo unapanda mlima kwa barabara ya kawaida.

Chimbuko la pili la voie verte, baada ya reli zilizokufa, ni chemin de halage, njia ya kukokotea mashua, kutoka haler, kukokota. Farasi, na mara nyingine watu, waliikokota mashua kwa kamba wakiwa ukingoni. Sheria ya Ufaransa bado inawadai wenye mashamba waache ukanda wa mita 7.80 upande wa njia hiyo. Bonde la mto Mayenne, magharibi, ndilo mfano safi: toka mji wa Mayenne, kupitia Laval na Château-Gontier, hadi Daon, kilomita themanini na ushei, karibu zote bila gari. Njia ni tambarare, ila kwenye kila lango la maji la kupandishia mashua kuna kamwinuko kafupi. Juu yake ni vumbi la mawe lililoshindiliwa. Tairi la milimita 25 litazama na kuteleza. Weka la 35 hadi 40, upepo usiwe mgumu kupita kiasi. Mvua ikinyesha, vumbi hilo hugeuka uji unaosaga cheni na pedi za breki, basi beba kitambaa na mafuta, na madigadi yawe marefu. Majira ya baridi mto ukifura, njia ya kukokotea ndiyo ya kwanza kufunikwa na maji, kwa kuwa ilijengwa chini makusudi.

Bila magari, tena, si bila mtu. Voie verte si piste cyclable. Piste cyclable ni ya baiskeli, na kibao chake cha mviringo cha buluu kina baiskeli peke yake. Kibao cha voie verte ni cha mraba, buluu, kina mtu anayetembea pamoja na baiskeli. Mwenda kwa miguu hajaingia kwako. Nyote mko kwenu. Ukimfuata farasi kwa nyuma usipige kengele ghafla: punguza mwendo, toa sauti ya mtu, subiri mpandaji akuone. Baiskeli ya umeme ya wati 250 inayokata msaada ikifika kilomita 25 kwa saa inaruhusiwa. Ile ya kilomita 45 kwa saa kisheria ni pikipiki ndogo, haina nafasi hapo. Trekta la matengenezo au la mkulima laweza kupewa ruhusa maalumu. Na njia inapokatiza barabara, mara nyingi kibao cha kusimama kinamtazama mwenye baiskeli. Hapo kuna vizuizi vya mbao au chuma vya kuwazuia wenye magari. Pima upana wa tela la mtoto kabla ya kuondoka nyumbani.

Basi ukimwelekeza mtu bonde la Mayenne, mwambie "njia isiyo na magari" bila wasiwasi. Ukimwelekeza Loire, mwambie "ruti ya baiskeli", kisha umtajie, kijiji hadi kijiji, ni kipande kipi ambacho ni voie verte.