Ramani ya mgodi wa zamani haizuii maji

"Machimbo ya zamani yako mbali, ramani hii hapa."

Kati ya kauli zote zinazosemwa kuhusu maji kwenye migodi ya makaa ya mawe ya chini ya ardhi, hii ndiyo inayochosha kuliko zote, na inaua. Ramani ya mgodi uliofungwa, ambao mara nyingi hujaa maji, huonyesha mpimaji alikofika mara ya mwisho. Wachimbaji waliishia wapi ni suala jingine. Kati ya upimaji wa mwisho na siku ya kufunga, makaa huendelea kutolewa, na mara nyingi nguzo za mpakani, yaani makaa yaliyoachwa kushikilia paa, ndizo huchimbwa mwisho kwa kuwa ndizo zilizobaki. Ongeza kaskazini ya dira inayohama mwaka hadi mwaka, karatasi iliyosinyaa na nakala ya nakala iliyochorwa upya kwa mkono.

Quecreek, Pennsylvania, Julai 2002: wachimbaji waliamini mgodi wa Saxman, uliofungwa na kujaa maji, uko takriban mita 90 mbele. Mashine ikautoboa. Ramani waliyoitegemea haikuwa ya mwisho. Watu tisa walinaswa chini zaidi ya saa 75 kabla ya kutolewa wakiwa hai. Lofthouse, Uingereza, Machi 1973, maji ya shimo lililoachwa tangu karne ya 19 yaliua watu saba.

Kanuni za Marekani zinataka kuchoronga, yaani kutoboa matundu ya uchunguzi, mbele ya uso wa makaa unaochimbwa ukiwa ndani ya futi 200, kama mita 61, za mgodi wa jirani kwenye tabaka lilelile. Lakini umbali huo unahesabiwa kuanzia wapi? Kwenye ramani. Ramani ikikosea, kanuni nayo inakosea, na waliodhani wako mita 90 hujiona hawahusiki. Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja: ukishajua kuna mgodi wa zamani jirani na huna uthibitisho wa upimaji wake wa mwisho, choronga. Usingoje mstari wa kwenye karatasi.

Tena uchoronge ipasavyo. Zamisha bomba la chuma mita kadhaa kwenye makaa imara, lizungushie saruji, iache ikauke, funga valvu, kisha lijaribu kwa mara 1.5 ya shinikizo unalotarajia. Baada ya hapo ndipo unatoboa kwenda mbele. Kila mita 10 za kimo cha maji ni shinikizo la takriban baa 1. Maji yaliyosimama mita 60 juu yako yanasukuma kwa tani 60 kila mita ya mraba. Tundu lisilo na valvu kwenye shinikizo hilo halizibiki, na fimbo za kuchoronga hurushwa nje. Tundu moja la katikati pia halitoshi. Toboa mengine kulia na kushoto kwa mtawanyiko, maana njia ya zamani hupita kati ya matundu. Angalia na vumbi linalotoka: likiwa la mawe, fimbo imepinda ikaingia kwenye paa au sakafu, na tundu hilo halijakuambia lolote kuhusu tabaka.

"Tundu limetoka kavu, basi kuko salama." Huenda limegonga nguzo, limezibwa na unga wa makaa, au limeingia juu ya usawa wa maji. Rudisha fimbo, lisafishe, lipime tena. Kifaa cha kupima gesi kikae mdomoni mwa tundu muda wote, kwa sababu maji yaliyotuama hubeba haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu, na ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni pua huacha kuinusa.

"Tununue pampu kubwa zaidi." Kwenye bomba lilelile, mtiririko ukiongezeka maradufu msuguano hukaribia mara nne, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu uliyoinunua inaishia kwenye bomba. Pampu ni za maji ya kila siku. Kanuni za China zinataka pampu za kazi zitoe maji ya kawaida ya saa 24 ndani ya saa 20, hesabu nzuri ya kuanzia. Machimbo ya zamani yakifunguka ghafla, hakuna pampu itakayowahi.

"Maji maangavu hayana madhara." Maji ya asidi mara nyingi ni maangavu kabisa. Pima pH, kipimo cha asidi, kabla ya kuchagua impela, gurudumu la pampu linalosukuma maji. Chuma cha kalibu hakidumu kwenye pH 3.

"Maji yamepanda kidogo tu." Kwenye bamba la kupimia mtiririko, lenye mkato wa V wa nyuzi 90, kina cha sentimita 10 ni takriban lita 4.4 kwa sekunde. Sentimita 20 ni karibu lita 25. Kina kimeongezeka mara mbili, maji zaidi ya mara tano. Soma kina kabla ya bamba, upande maji yanakotoka, umbali wa angalau mara nne ya kina chenyewe, kila zamu, pamoja na jotoridi na upitishaji umeme wa maji. Viwili hivyo vikibadilika ghafla wakati kina hakijapanda, huenda maji ya chanzo kingine yameanza kuingia: simamisha uchimbaji wa upande huo, toa watu, kisha ndipo utafute yanatoka wapi.