Fulana ya mwandishi wa habari haizuii kila risasi

Mjini Goma wengi huamini kwamba mwandishi wa kujitegemea akivaa fulana ya bluu ya kukinga risasi yenye maandishi PRESS, risasi haimdhuru. Imani hiyo inaeleweka, maana fulana ni nzito na inatisha. Lakini kitambaa chake peke yake, daraja la kinga la IIIA kwa vipimo vya Marekani, huzuia risasi za bastola. Ya AK-47 hupenya. Hiyo inahitaji bamba gumu linaloingizwa ndani ya fulana, daraja la III au IV, mbele na nyuma, nalo hukinga moyo na mapafu tu, si shingo wala mapaja.

Kabla ya kuazima fulana, chomoa bamba usome lebo: daraja, tarehe ya kutengenezwa, upande unaotazama nje. Bamba la kauri lililoangushwa huweza kupasuka ndani bila alama yoyote nje, kwa hiyo muulize mwenye fulana waziwazi kama liliwahi kuanguka. Lisilo na lebo, lirudishe.